Shajara ya mradi: historia ya chama chetu cha matamasha, Kirumba

Januari, mwishoni

Kamati imekubali. Tunaandika historia ya chama chetu cha matamasha, itakuwa kijitabu pamoja na ubao wa picha wa kusimamisha getini siku ya tamasha la Agosti, na kazi ya kukusanya nimepewa mimi na vijana wawili. Kwa wasiokijua, chama kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapahapa Kirumba, jijini Mwanza, hakijawahi kuwa na ukumbi wala ofisi ya kueleweka, kina mhuri, kina kabati la chuma nyumbani kwa mama aliyekuwa mweka hazina miaka mingi, na kina watu wake. Kazi yake ni moja, kuleta muziki mtaani. Kwaya, bendi ya dansi, ngoma, taarabu mara mojamoja, yeyote yule ambaye wanachama wamekubali kumlipia.

Wazee wameshanipa rasimu yao. Nimeisoma kwa heshima zote, inaanza na orodha ya wenyeviti, inafuata orodha ya wageni rasmi, basi imeisha. Hivyo vitu vitaingia, hakuna anayevikataa, lakini mi naona historia ya chama kama hiki iko kwa watu waliotoa hela wakaja kukaa. Msanii anaimba, kesho yake yuko stendi au kwenye treni anaenda mji mwingine. Anayebaki ni yule mama wa genge aliyechangia mwaka hadi mwaka, na kwenye ile rasimu hatajwi hata mstari mmoja. Hilo ndo nataka tulirekebishe.

Februari

Kabati limefunguliwa. Nimefika kwa mama mweka hazina, shikamoo, marahaba mwanangu, kaa kwanza unywe chai, na chai yenyewe imechukua asubuhi nzima manake kila nikitaka kuinuka anakumbuka kitu kingine, na vyote ni vya kuandika. Ndani ya kabati kuna kaunta buku za michango, vishina vya kadi, barua za vibali, picha kwenye bahasha za studio, na katoni ya kanda za kaseti. Daftari nyingine zimeshika ukungu, tumezianika kivulini sio juani, tukazipangusa kwa brashi laini kavu, afu tukapiga picha kila ukurasa kwa simu karibu na dirisha bila flashi. Kijana mmoja anapiga, mwingine anaandika namba ya ukurasa, mimi naingiza kwenye jedwali la laptopu.

Safu za daftari ni jina, mtaa, kiasi, sahihi. Wasiojua kuandika wameweka dole gumba, na wino wa baadhi bado unaonekana mpaka mistari ya kidole. Majina mengi ni ya kazi, fundi baiskeli, mama mandazi, mpiga randa, nahodha. Kilichonisimamisha zaidi ni zile kurasa za mwanzoni kabisa. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha 1979, nchi haina fedha za kigeni, sukari na sabuni ni kwa foleni, mwaka 1983 ndo ikaja ile operesheni ya wahujumu uchumi, na katikati ya hali hiyo watu wa Kirumba wanachangia tamasha. Safu ya kiasi haina shilingi tu. Ina debe la dagaa, ina mafuta ya taa, kreti ya soda, gunia la mkaa, "siku mbili za kushona sare za kwaya". Kuna mahali pameandikwa nyuzi za gita, na mama ananiambia hizo zilikuwa ngumu kupatikana kuliko gita lenyewe, kuna mtu alizitoa Nairobi kwenye soli ya kiatu. Jamani, mtu akiniuliza muziki una umuhimu gani kwa watu wasio na sukari namwonyesha huu ukurasa.

Na kwenye daftari hizo hizo ndo tumepata lile badiliko kubwa ambalo wazee wote wanalitajaga juujuu. Mwanzoni walikuwa wanaita bendi kwanza, wanakubaliana bei, wanakodi ukumbi, afu ndo wanakaa mlangoni kuuza tiketi wakimwomba Mungu mvua isinyeshe. Mvua ikanyesha. Deni la tamasha hilo limeandikwa kwa wino mwekundu na linaburutwa ukurasa baada ya ukurasa mpaka linaisha, limelipwa kidogokidogo kwa michango ya watu walewale ambao wengine hata hawakuhudhuria. Baada ya hapo kuna mstari mmoja wa muhtasari wa mkutano: hela kwanza, bendi baadaye. Kuanzia siku hiyo wanauza kadi za mwaka, wanafunga kuuza, wanahesabu, kilichopatikana ndo kinaamua nani aitwe. Hawajawahi kudaiwa tena.

Machi

Nimetumia muda kusoma wengine walifanyaje, na kumbe mfumo wetu una ndugu yake mbali sana. Marekani miaka ya 1920, miji midogo ilikuwa na shida ileile, watu wachache wenye hamu wanaita mwanamuziki mkubwa, watazamaji hawatoshi, wale wachache wanalipa hasara kutoka mifukoni mwao, mwaka unaofuata hakuna anayejitolea. Chicago kulikuwa na mama mmoja, Dema Harshbarger, akasimamia mpango wa kuuza uanachama kabla ya kitu chochote. Kampeni ya wiki moja, mji mzima unagongwa mlango kwa mlango, hakuna tiketi ya mtu mmoja mmoja mlangoni, wiki ikiisha hela inahesabiwa ndo wasanii wanachaguliwa kulingana nayo. Ward French akaueneza mpango wa aina hiyo kupitia kilichoitwa Community Concerts, ambacho kikawa chini ya kampuni ya Columbia iliyoundwa New York mwaka 1930 na Arthur Judson kwa kuunganisha mawakala kadhaa wa wanamuziki. Huo ni mwaka ambao uchumi wao umeporomoka, na bado mfumo ukasambaa kwenye mamia ya miji midogo, kwasababu hakuna mji ulioweza kuingia hasara, hela ipo au haipo.

Kuna tofauti moja lakini ambayo naona ni kubwa. Kule hela ya mji ilikuwa inakutana na orodha ya wasanii wa kampuni, kwahiyo kampuni ndo ilikuwa inauza na ndo ilikuwa inashauri nini kinunuliwe. Hapa kwetu mwanachama alikuwa anasimama mkutanoni anasema mi nataka kwaya fulani, mwingine anasema hapana mwaka huu dansi, na wanabishana mpaka taa zinawashwa. Ubishi wote uko kwenye muhtasari, umeandikwa na katibu aliyekuwa na mwandiko mzuri ajabu.

Kitu kingine nimekibeba kutoka kwenye hiyo historia yao. Uanachama ni mlango, na mlango unafungua na unafunga. Miji mingi ya kusini mwa Marekani watu weusi hawakuruhusiwa kwenye hizo tamasha, kadi hawauziwi. Mwaka 1964 mpiga piano Gary Graffman alikataa kupiga Jackson, Mississippi, baada ya wanafunzi wa chuo cha Tougaloo na wenzao kufanya kampeni kuhusu watazamaji kubaguliwa. Kwahiyo ukisoma daftari la wanachama usisome waliomo tu. Nimewaambia vijana wangu tutafute na sisi, nani hayumo humu?

Aprili

Jibu limekuja haraka kuliko nilivyodhani. Daftari za mwanzo hazina wavuvi. Kirumba! Mwaloni uko hapo chini, soko la dagaa ambalo magari yanapakia mpaka Kongo, afu kwenye orodha ya chama cha Kirumba wavuvi wa dagaa unawahesabu kwa shida. Wenye mitumbwi wawili watatu wamo, vijana wanaovuta nyavu hawamo kabisa.

Baada ya ile miaka ya mwanzo wanaanza kuonekana, kwanza wachache, afu kurasa nzima. Nikawa najiuliza nini kimetokea. Nimeenda kumuuliza mzee mmoja aliyekuwa kwenye kamati miaka hiyo, yeye mwenyewe alikuwa mvuvi, akanijibu kwa sentensi moja: tuliwaambia waache kupiga muziki gizani.

Kwa msiokaa ziwani nieleze. Dagaa wa ziwa letu wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sa hivi taa za sola na betri. Taa inaelea juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga wanakusanyika chini yake, nyavu inapita. Inafanya kazi vizuri kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa yako haimwiti mtu, mitumbwi inavutwa nchi kavu na watu wanapumzika, wanashona nyavu, wanaenda kusalimia nyumbani. Kwahiyo tamasha likiwekwa siku za giza nusu ya mtaa iko majini. Huyo mzee na wenzake walisimama mkutanoni wakaomba tarehe zifuate mbalamwezi, wakakubaliwa.

Nimetaka kuhakikisha kwa hesabu maana kumbukumbu za mtu ni za mtu. Mwezi mmoja wa angani ni kama siku 29 na nusu, na kila baada ya miaka 19 mwezi unarudi karibu kwenye tarehe ileile. Mfano mzuri ni mwezi mpevu wa tarehe 21 Januari 2000, ambao ulipatwa, na tarehe 21 Januari 2019 mwezi ukawa mpevu tena na ukapatwa tena. Ukirudi nyuma 1981 unaukuta tarehe 20 Januari. Kwahiyo kalenda ya zamani unaweza kuijenga upya, na ziko programu za bure zinazokupa mwezi wa tarehe yoyote. Kijana wetu mmoja kaingiza tarehe zote zilizopo kwenye daftari. Kabla ya ule mkutano tarehe zimetapakaa hovyo. Baada yake, tamasha karibu zote zimeangukia siku za mwezi mkubwa, na vishina vya kadi vya getini vinapanda palepale. Halafu tazama na faida nyingine, mtaa ulikuwa hauna taa za barabarani, mbalamwezi ilikuwa inawarudisha watu nyumbani, akina mama walianza kuja kwa wingi pia. Mimi nimezaliwa hapa, nimehudhuria hizo tamasha tangu mdogo, na sikuwahi kuambiwa kwanini tarehe zinakuwaga vile.

Hili lazima liwe katikati ya kijitabu. Limefanywa na wanachama wa kawaida, wakiomba kitu cha kawaida mkutanoni.

Mei

Kaseti. Hii kazi ni ya polepole na haitaki haraka. Kwanza kanda inazungushwa mbele yote na kurudi yote ili ilegee, kichwa cha kusomea cha deki kinasafishwa kwa pamba yenye spiriti, waya unatoka deki kwenda kwenye laptopu, na unasikiliza mwanzo mwisho kwa muda wake halisi, kaseti ya dakika 60 ni dakika 60 hakuna njia ya mkato. Tunahifadhi faili kubwa zisizobanwa, kama megabaiti 10 kila dakika, nakala tatu sehemu tatu tofauti. Moja iko kwa mama mweka hazina maana amesema kabati ni lake mpaka afe.

Sauti nyingi hazifai kurusha redioni, maiki ilikuwa moja na ipo karibu na ngoma kuliko mwimbaji. Ila kila kanda kabla ya muziki ina kitu ambacho nimekisikiliza mpaka nimekikariri, mshereheshaji anasoma daftari. Anasoma jina la kila mchangiaji na mtaa wake, na watu wanaitikia. Fundi baiskeli wa karibu na soko, haya! Mama mandazi, vigelegele. Kijana wa mwaloni anasomwa kwa mara ya kwanza, wenzake wanapiga kelele mpaka kanda inakwaruza. Dakika nyingi zinaenda hivyo na hakuna anayelalamika muziki umechelewa. Kumbe chama chenyewe kilishajiandikia historia kwa mdomo, kila tamasha, kabla ya wimbo wa kwanza, na iliwekwa vilevile ninavyotaka kuiweka mimi.

Tarehe 21 Mei

Leo sikufanya kazi ya kaseti, nimefika Igoma makaburini na baadhi ya wanachama. Mv Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba, karibu kabisa kufika bandari ya Mwanza, ikachukua mamia ya watu. Kila mtaa wa jiji hili una nyumba iliyoguswa.

Kwenye daftari la mwaka ule kadi zilikuwa zimeshauzwa, hela imeshahesabiwa, wasanii wameshachaguliwa. Muhtasari wa mkutano ni mfupi sana. Hakuna tamasha mwaka huu. Hela irudishwe kwa anayetaka, inayobaki iwe rambirambi. Ukurasa unaofuata una kichwa RAMBIRAMBI na majina yaleyale ya wanachama, nimeangalia mstari kwa mstari safu ya waliorudishiwa, ni tupu. Sina la kuongeza hapo. Ukurasa huo utachapwa kama ulivyo, picha nzima, bila maelezo.

Juni

Tumeenda Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, huko Bujora, pale Kisesa barabara ya Musoma, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha padri David Clement, Mkanada, miaka ya 1950. Wengine walisema ni matembezi tu haihusiani na mradi, mi naona inahusiana moja kwa moja.

Ngoma za kule zinaenda kwa vyama viwili, Bagika na Bagalu, vinavyotajwa kuanzia kwa wachezaji na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa wakishindana nani fundi zaidi. Mpaka leo mtu ni Mgika au ni Mgalu, na baada ya mavuno ndo msimu wa mashindano. Jinsi wanavyoshindana ndo hoja yangu. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja na upande wake, na watazamaji wako huru. Anayewavuta wengi ndiye mshindi. Kundi linaweza likawa na ngoma kali, mavazi mazuri, wakaleta na chatu au fisi, lakini umati ukihama umehama, na kila mtu anauona unavyohama. Ndo maana wanatumiaga na dawa za kuvuta watu, ndo maana wana vituko vipya kila mwaka.

Sasa fikiria wazee wetu walioanzisha chama Kirumba, wengi wametoka huko, Magu, Kwimba, Misungwi, wamekuja mjini na reli ambayo imefika Mwanza tangu 1928 au na mabasi, wanatafuta kazi bandarini, viwandani, ziwani. Walikuja wanajua tayari kwamba mtazamaji ndiye mwamuzi. Mpango wa hela kwanza bendi baadaye hawakuhitaji kuupata Chicago. Nimeandika sura nzima kuhusu hilo na ndo sura ninayoipenda zaidi, vijana wamesema ni ndefu, haitapunguzwa.

Kuna la vibali pia, kwa kifupi tu. Sheria Na. 23 ya mwaka 1984 ndo ilianzisha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kwa sura tunayoijua, na barua za chama kuanzia hapo zinabadilika anuani na lugha, zinakuwa rasmi zaidi. Zitakaa nyuma ya kijitabu kwa anayependa. Na kuanzia katikati ya miaka ya 1990 redio binafsi ziliposhika kasi hapa jijini, matangazo ya tamasha yakahama kutoka kwenye gari lenye spika kwenda hewani, tuna hata karatasi ya tangazo lenyewe lililoandikwa kwa mkono.

Julai

Kikao cha kamati kimekuwa kirefu. Wazee waliuliza kwa haki kabisa wenyeviti wao wako wapi, nikawaonyesha, wapo wote, kila mmoja ndani ya mwaka wake na kitu alichofanya. Ila mpangilio wa kijitabu unafuata daftari. Kila mwaka unafunguliwa na wachangiaji, afu tarehe na mwezi wa angani, afu nani aliimba, mgeni rasmi mwishoni. Mzee aliyekuwa mkali kuliko wote aliomba apigiwe kile kipande cha kaseti cha kusoma majina. Tukakipiga. Mshereheshaji kafika jina la mama wa huyo mzee, aliyekuwa anauza sambusa pale stendi ndogo, akasimama, akasema chapisheni hivyohivyo.

Kuhusu majina tumekubaliana tusichape ya mtu ambaye yeye au familia yake haijaridhia, na kiasi cha hela hakitaandikwa kwa mtu yeyote, awe alitoa elfu kumi au debe la dagaa. Vijana wanazunguka nyumba kwa nyumba na karatasi ya ridhaa, na huko wanarudi na picha ambazo kabati halikuwa nazo. Moja inaonyesha wanaoanika dagaa wamekaa mstari wa mbele kabisa, kanga za sare, jukwaa halijaanza.

Tamasha la Agosti tarehe imeshapangwa na imepimwa na mwezi. Kadi zimefungwa kuuzwa wiki iliyopita, hela imehesabiwa mbele ya wanachama, inatosha kwaya moja na kundi moja la ngoma, bendi ya dansi mwaka huu haikufikiwa na hatutakopa.

Kinachokosekana ni daftari za mwisho wa miaka ya 1980, zile kati ya mkutano wa mbalamwezi na mwanzo wa kadi zenye namba. Mama mweka hazina anasema ziliazimwa na katibu mmoja aliyehamia Nyakato na baadae Igoma, ni kaunta buku zenye mgongo mwekundu na mhuri wa chama ukurasa wa kwanza. Mwenye wazee waliokuwa wanachama aangalie kwenye masanduku, hata zikiwa zimeliwa na mchwa tunazitaka, msizifute wala kuzianika juani, mtupigie tuje kuzichukua wenyewe.

Wiki ijayo naanza kusoma majina na mshereheshaji mpya, maana mwaka huu yatasomwa yote.